Mstari wa Damu ya Mzee

Rangi ya juu ilikauka kabla ya adhuhuri. Ya chini ikagoma.

Fundi aliyeipaka aliitwa Rula. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake kwa sababu moja tu: mstari wake haukuwahi kupinda. Mpe chumba cha rangi mbili, nzito chini na nyepesi juu, atakuchorea mpaka ulionyooka hadi pimamaji lione aibu. Mwenyewe alilijua hilo, na kujisifu alijisifu sana tu.

Tena hakuwa mtu wa futi. Alisimama wima mbele ya ukuta, akaweka penseli usawa wa kifua chake, akatia alama, akahamia kona ya pili akatia nyingine. Kisha uzi wenye chaki, avute, auachie, pwaa! Mstari huo. Kifuani mkono haujikunji wala haujinyooshi, kwa hiyo unaweza kupaka kutwa nzima bega lisilalamike. Nyumba zote alizozipaka kwa miaka kumi na saba zilikuwa na mstari kifuani kwa Rula.

Chumba hiki hakikuwa cha mteja. Nyumba aliachiwa na shangazi yake aliyefariki, na chumba cha nyuma alikuwa anamwandalia binti yake wa pekee, mtoto wa miaka sita ambaye kwa kupayuka kwake walimwita Chiriku. Chiriku alikuwa na ugonjwa wa kuchora kutani. Jua, paka, baba na ngazi yake, vyote vilikwenda ukutani kwa mkaa, kwa kalamu, hata kwa kidole kichafu. Ndiyo maana Rula alitaka rangi ya mafuta chini, ile ambayo ukiipitishia kitambaa chenye sabuni uchafu wote unatoka.

Zamani ukuta wa chumba kile ulikuwa krimu mtupu, isipokuwa utepe wa rangi ya damu ya mzee, nyekundu nzito, uliozunguka chini kabisa, juu ya sakafu, kimo cha vidole vinne. Kila mwaka shangazi alipiga magoti na brashi yake akaupaka upya kona hadi kona, na mpwa wake fundi hakuruhusiwa kuugusa.

"Shangazi, nipo hapa fundi mzima, nawe unatambaa sakafuni? Watu watanionaje?"

"Niache na kazi yangu, baba," alijibu bila kuinua kichwa.

Rula alidhani ni ukaidi wa uzee. Kwa hiyo alipokirithi chumba hakubadilisha rangi: krimu juu, damu ya mzee chini. Alichobadilisha ni mstari tu. Aliupandisha hadi kifuani.

"Ungemuuliza mtu kwanza," mkewe alimwambia. "Mtu hapigi magoti miaka yote hiyo bure."

"Nimuulize nani, mama Chiriku? Ukuta?"

Mkewe akasonya, lakini akacheka. Siku ile walikuwa na furaha. Rula alimsimamisha binti yake mbele ya ukuta mbichi, akamwekea kiganja utosini. "Njoo baba akupime. Mh! Bado, mwanangu. Mstari umekupita shubiri nzima."

Basi asubuhi ya pili akaingia kuangalia kazi yake. Krimu ilikuwa imekauka vizuri sana. Aligusa ya chini, kidole kikatoka chekundu. Si hivyo tu. Rangi ilikuwa na joto, joto lile la kipaji cha mtoto mwenye homa. Rula akakifuta kidole kwenye suruali na kujiambia kwamba tina ya kuchanganyia rangi ilikuwa mbovu. Akasimama wima kama alivyozoea na kuegemeza penseli kifuani.

Mstari ulikuwa juu ya penseli. Vidole viwili.

"Ala!" akasema. Akapima kona ya pili, ya tatu, ya nne. Vidole viwili kila mahali, na umenyooka sawasawa. Kukosea angeweza, ni binadamu. Lakini kukosea sawasawa kuta nne?

Akachukua krimu akaifunika ile ziada. Brashi ilipita, krimu ikakaa, halafu taratibu ikanywewa kama maji kwenye mchanga, na damu ya mzee ikarudi mahali pake. Harufu ilimjia hapo hapo, harufu ya nywele zilizoungua. Alirudi kinyumenyume hadi koridoni, akafunga mlango, na mchana kutwa hakumwambia mtu. Huo ndio ukweli wake, na baadaye aliukiri kwa machozi: aliona aibu. Fundi mzima, aseme rangi imemshinda?

Alasiri akaja shemeji yake, kaka wa mkewe, mwashi mwenye mikono minene na maneno mengi zaidi ya mikono. Alitoka moja kwa moja kazini, akaiacha nyundo yake kubwa ya kubomolea kwenye kona ya korido, na kuanza utani kabla ya salamu.

"Rula bwana, dada kaniambia rangi yako bado mbichi. Umepaka rangi au umemwaga asali?"

"Tuingize kitanda cha mtoto," Rula alisema. "Tukiweke katikati, mbali na ukuta." Alisema hivyo kwa sababu mkewe alikuwa anamtazama, na kusema ukweli mbele ya shemeji kungemaanisha kuchekwa mwaka mzima.

Wakakibeba. Shemeji alitangulia, akaingia kinyumenyume, Rula akabaki koridoni ameshika upande wa miguuni. Hatua tatu ndani, shemeji akasimama. Tabasamu likamtoka.

"Acha mchezo wako," alisema kwa sauti ndogo.

"Mchezo gani?"

"Nani kanishika mguu?"

Chini ya kitanda hapakuwa na mtu. Rula aliinama akatazama, na akaona kitambaa cha suruali ya shemeji yake kimebonyea pande zote za muundi, kimebonyea kwa alama tano nene, tano nyingine, tano nyingine tena, kana kwamba mikono mingi imeukumbatia mguu ule kwa mpigo mmoja. Halafu mguu ukageuzwa. Ulitoa mlio wa kuni kavu, kidole gumba kikaangalia nyuma, na mfupa ukachungulia, mweupe kabisa, juu ya soksi. Shemeji alifungua mdomo asitoe sauti. Wa pili ukavunjwa kabla hajaanguka, na alipoanguka, alipokwenda chini ya ule mstari na mwili wake mzima, ndipo alipolia, kwa sababu vitu vile sasa vilikuwa kila mahali, vikimpiga mbavuni, vikimburuta kuelekea ukutani, vikimng'oa kucha moja moja alipojaribu kung'ang'ania sakafu. Rula alitupa kitanda, akamkamata kwapani, akamvuta kufa kupona hadi nje. Mkewe alikuwa anapiga yowe na mtoto amejificha nyuma ya gauni lake.

Hospitalini daktari aliuliza ni gari gani lililomgonga.

"Sasa utanisikiliza?" mkewe alimnong'oneza njiani wakirudi. Macho yamemvimba. "Kaka yangu hatatembea, na wewe bado unaficha kitu. Chumba kile ni cha mtoto wangu!"

Rula akamwambia yote. Hakutukanwa. Mkewe alitoa simu akampigia Bi Mkavu.

Bi Mkavu alikuwa mganga, rafiki wa zamani wa shangazi, mwanamke asiyejua mzaha hata wa harusi. Alifika kesho yake jua likiwa utosini, mkoba begani, akakataa kiti. Hakuingia ndani. Alisimama uani, akanusa upande wa chumba cha nyuma, akauliza neno moja.

"Mstari umeuweka wapi?"

Rula akagusa kifua.

"Loh! Mwanaume wewe!" Bi Mkavu aliteremsha mkoba. "Shangazi yako alimkuta jini humo miaka arobaini iliyopita. Tulijaribu kumtoa, hakutoka. Basi tukamkatia mpaka. Vidole vinne, chini pake, juu petu. Na kila mwaka mama wa watu alipiga magoti kuupaka upya, asije yule akasema umefutika. Wewe umekwenda kumpa chumba."

"Sikujua, bibi. Hakuniambia."

"Angekuambia ungemcheka. Ulimcheka hivyo hivyo." "Na balaa kubwa hulijui. Hukupima kwa futi. Umepima kwa kifua chako. Jini ukimpimia kwa mwili, mwili huo unakuwa kipimo chake, atapanda nao mpaka utosini. Kilicho chini ya mstari ni mali yake, awe mtu, kiwe kitu. Una mtoto wa kimo gani?"

Rula na mkewe waligeuka kwa pamoja. Chiriku alikuwa kando ya ndoo ya maji dakika iliyopita tu, akichora uani kwa kidole. Ndoo ilikuwepo. Mtoto hakuwepo.

Na kutoka ndani, kutoka chumba cha nyuma, wakasikia sauti ya Rula mwenyewe, nzito, ya upole, sauti ile ile anayomwitia binti yake kila siku. Rula alikuwa amesimama pale uani na mdomo wake umefungwa.

"Njoo baba akupime."

Alikimbia asione mbele wala nyuma. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, na Chiriku alikuwa amesimama ukutani, mgongo umebandikwa kwenye rangi mbichi, mikono imenyooka pembeni kama mtoto mtiifu anayengoja kupimwa, ila macho yalikuwa yamemtoka na nywele zake zilikuwa zinavutwa nyuma, zinaingia ndani ya ukuta unywele kwa unywele.

"Baba," alinong'ona. "Mikono yake mingi."

Rula alimshika kiunoni akamng'oa. Nywele zilibaki, na kipande cha ngozi ya kisogo kilibaki nazo, mtoto akalia kilio kilichompasua baba yake moyo, lakini alikuwa ametoka, naye Rula akamwinua juu kwa mikono yote miwili, juu ya kichwa chake, juu ya mstari, mahali ambapo ukuta ulikuwa krimu. Nyuma yake mlango ukajifunga kwa kishindo.

"Usisogee mwanangu. Kunja miguu. Ikunje kabisa!"

Kilichofuata alikisikia kabla ya kukiona. Chwaa, chwaa, chwaa: brashi. Brashi isiyoonekana ikipita taratibu kwenye kuta zote nne kwa pamoja, mkono wa fundi asiye na haraka, na mbele ya macho yake damu ya mzee ilipanda kidole kimoja, ikatulia, ikapanda kingine. Ngazi alikuwa ameitoa siku ile ya kwanza. Ndoo zilikuwa nje, na kitanda kilikuwa kimerudishwa koridoni. Hapakuwa na kitu cha kupanda isipokuwa yeye mwenyewe, basi akasimama katikati ya chumba kwa ncha za vidole vyake, mtoto angani, na ile mikono ya chini ikaanza naye.

Ilianza na nyayo. Alihisi vidole vyake vya miguu vikikunjwa nyuma kimoja baada ya kingine, tak, tak, tak, kwa utulivu wa mtu anayemenya njugu, akakaza meno asilie kwa sababu mtoto alikuwa anamtazama. Ikaja magotini, ikayagonga kwa pembeni mpaka goti la kushoto likatoka mahali pake, naye akauegemeza uzito wote kulia na hakuanguka. Ikapanda mapajani kwa kucha, ikaichana suruali na nyama iliyo chini yake kwa mistari iliyonyooka, damu ikashuka ya moto hadi sakafuni na kuchanganyika na rangi asijue ipi ni ipi. Na mstari ukapanda begani, ukapanda shingoni, mbavu zikawa zinavunjika kwa zamu, na kila ubavu ulipokatika pumzi ilimtoka, na kila pumzi ilipomtoka alisema neno lile lile, "Nimekushika, nimekushika, nimekushika," mpaka neno likawa mkoromo tu.

Nje mkewe alikuwa anaupiga mlango kwa mabega.

"Achana na mlango!" Bi Mkavu alifoka. "Ukuta! Mpaka wake umezunguka kuta zote nne, ukikatika mahali pamoja hana mpaka tena. Vunja ukuta, mwanamke!"

Nyundo ya kaka yake ilikuwa palepale kwenye kona ya korido. Ilikuwa nyundo ya wanaume wawili. Mama Chiriku aliinyanyua akaizungusha, plasta ikapasuka, akaizungusha tena, tofali likatikisika, akaizungusha huku akitukana matusi ambayo mumewe hakujua kwamba anayajua, mikono ikachubuka, mpini ukateleza kwa damu, akazidi. Kwa kila pigo kitu ndani ya ukuta kilipiga kelele. Hazikuwa kelele za mnyama wala za mtu, zilikuwa za chuma kikikwanguliwa juu ya kioo, na Bi Mkavu alikuwa pembeni yake akitupa chumvi kwenye ufa na kusema maneno yake kwa sauti kubwa ya kuamrisha.

Ndani, mstari ulimfika Rula kidevuni. Mikono yake ilikuwa bado juu, imenyooka, na ndani ya mikono ile mtoto amejikunja kama mpira. Ulipofika mdomoni alifumba macho. Mikono ya chini ikamshika bega.

Bega moja tu. Lilizungushwa hadi likachomoka, mkono ukashuka, Chiriku akayumba, na ili asianguke akanyoosha mguu. Mguu wa kulia ulizama chini ya mstari. Ulizama hadi kifundoni, kwa muda wa kufumba na kufumbua, halafu Rula akamrudisha juu kwa mkono uliobaki na kwa kichwa chake, akamkalisha utosini.

Ndipo ukuta ulipoanguka.

Matofali yalimwagika ndani na mwanga wa mchana ukaingia nayo. Mstari ulikatika. Rangi yote ya chini, kuta tatu zilizobaki, ilikauka kwa mpigo mmoja, ikapasuka magamba, ikadondoka sakafuni, na upepo wenye harufu ya nywele zilizoungua ukapita kwenye tundu, ukampiga Bi Mkavu kifuani hadi akakaa chini, ukatokomea. Rula alianguka taratibu, kama gunia. Mkewe alimdaka mtoto kabla hajafika chini.

Majirani walibomoa chumba kizima siku hiyo hiyo. Bi Mkavu alikagua kila tofali, akainusa sakafu, akasema humo hamna kitu tena, na hakuwa mtu wa kusema jambo ili kumfurahisha mtu. Walimshukuru wakilia.

Jioni mama alimwogesha Chiriku. Rangi ilitoka mgongoni, ikatoka mikononi, ikatoka kwenye masikio. Kwenye mguu wa kulia haikutoka. Ulikuwa mstari mmoja mwembamba uliozunguka kifundo, umenyooka kabisa, na chini yake ngozi yote ilikuwa damu ya mzee. Akasugua kwa sabuni. Akasugua kwa mafuta ya taa, akasugua kwa jiwe la kusugulia miguu mpaka mtoto akaanza kulia. Haikuwa juu ya ngozi. Mama alikibonyeza kisigino kwa ukucha.

"Unasikia?"

"Hapana, mama."

Akamkimbilia Bi Mkavu, ambaye alikuwa bado uani anafunga mkoba wake. Mganga alipiga magoti, akauinua mguu ule mdogo, akaushika kwa muda mrefu. Alipousimamisha tena hakutaka kumwangalia mama usoni.

"Huu si wa ukutani tena," alisema polepole. "Hapa sina nyundo."

Sasa Rula analala sebuleni. Kuanzia kifuani kwenda chini hasikii kitu, na daktari ameshaacha kumpa matumaini. Mafundi wenzake huja kumtazama, humtania kidogo, wakitoka nje hufuta macho. Kila asubuhi Chiriku akienda shule hupita kumuaga, na baba yake humshika mkono na kumuuliza kwa sauti ndogo, mkewe asije akasikia na kuhuzunika:

"Mguu vipi leo?"

"Palepale, baba. Kwenye kifundo."

"Haujasogea?"

"Haujasogea."

Hapo Rula hushusha pumzi, akatabasamu, tabasamu pekee analolitoa kutwa nzima. "Basi nilikuinua vizuri," husema. Naye mtoto huitikia, "Uliniinua vizuri sana, baba."

Mama husikia yote, amesimama koridoni na mkoba wa shule mkononi. Kwanza alimnunulia soksi fupi, kisha za kufika gotini, kisha za kuvuka goti. Alhamisi iliyopita hizo nazo hazikutosha kuufunika mstari, akamvalisha suruali ndefu na kufikiria jinsi ya kumwelekeza mtoto namna ya kusema. Hakuhitaji. Chiriku alitangulia sebuleni akichechemea, akambusu baba yake, na bila kufundishwa na mtu akamwambia kwamba siku hizi shuleni kuna baridi.